Usitukane Wakunga

Utamaduni wa taifa ukitajwa, aghalabu fikira zetu hukimbilia ngoma, ususi, methali na mavazi. Hayo ni mali ya taifa kweli kweli, na Jamhuri yetu ilipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962 iliyapa heshima yanayoistahili. Lakini utamaduni haukai uwanjani peke yake. Umo nyumbani pia, hasa katika saa zile ambazo jamaa hukutana kuamua jambo zito: kijana aoe wapi, marehemu azikwe wapi, mtoto azaliwe wapi. Katika makala hii twakusudia kulizungumza hilo la mwisho, tena kwa upande wake mmoja tu, yaani jinsi jamaa wa Ufipa wanavyochagua mahali pa kuzalia mtoto wa kwanza. Twalizungumza kwa kuwa lilitupata sisi wenyewe, mume na mke, walimu wa shule ya msingi. Na kwa kuwa tuliona kwamba jambo hili, ambalo wengi hulidhania kuwa la waganga na wauguzi tu, ni somo la utamaduni kabla halijawa somo la tiba.

Yafaa kwanza msomaji aijue nchi yenyewe. Uwanda wa Ufipa umeinuka kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 1974, uko juu ya uwanda huo, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai baridi yake humkumbusha mgeni kwamba si nchi yote ya Tanzania iliyo ya joto. Upande wa mashariki uwanda hukatika ghafla kwa mteremko mkali uitwao Lyamba lya Mfipa, na chini yake limelala Bonde la Rukwa lenye vijiji kama Muze, Mtowisa na Ilemba. Upande wa magharibi nchi huteremka hadi mwambao wa Ziwa Tanganyika, penye Kirando, Kipili, Wampembe na Kasanga. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Katika miezi hiyo ulezi, mahindi na maharage hustawi, lakini njia za vijijini hugeuka tope, na mwendo wa saa moja wa kiangazi huweza kuwa mwendo wa nusu siku.

Mwanamke aishiye Dar es Salaam akipata mimba ya kwanza, huweza kuzihesabu hospitali kwa vidole: Muhimbili, Amana, Mwananyamala, Temeke, na nyingine nyingi za mashirika ya dini na za watu binafsi. Huwauliza shoga zake ni wapi wakunga wana lugha nzuri, ni wapi vitanda havibanani, ni wapi gharama ni nafuu. Swali lake ni hili: iliyo bora ni ipi? Juu ya uwanda wetu swali hilo halitangulii. Linalotangulia ni jingine: ipi nitaifikia? Na kwa kuwa jibu lake hutegemea njia, mvua, fedha, usafiri na ridhaa ya wakubwa, swali hilo haliwezi kujibiwa na mwenye mimba peke yake. Hujibiwa na jamaa nzima, na hapo ndipo utamaduni unapoingia.

Mimba yetu ilipotimiza miezi mitano tuliitisha kikao cha jamaa. Ilikuwa Oktoba 2016, na siku za kujifungua zilitarajiwa kuangukia katikati ya Februari, wakati ambapo njia ya udongo kutoka kijijini kwetu hadi mjini Sumbawanga huwa mbaya kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Katika kikao hicho yalitolewa mashauri manne.

Shauri la kwanza lilikuwa la mama mzazi wa mke. Yeye alitaka binti yake arudi nyumbani kwao, maana desturi yasema mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama. Desturi hii si ya kudharauliwa. Kijana anayezaa mara ya kwanza hajui namna ya kumshika mtoto, kumnyonyesha, kumwogesha wala kuuguza mwili wake mwenyewe. Kwa mama yake atauliza kila jambo bila haya. Kwa mama mkwe ataona soni hata kuomba maji ya moto. Nyumba ya mama, basi, ilikuwa shule, na siku arobaini za uzazi zilikuwa muhula wake.

Shauri la pili lilikuwa la baba mkwe. Kijiji chetu kina zahanati, nayo wananchi waliijenga kwa kusomba mawe na kufyatua matofali. Akauliza: tumejenga nyumba ya dawa mlangoni petu, kisha tuipite na kwenda kuzaa ugenini, si tutakuwa tunaitia aibu kazi ya mikono yetu wenyewe?

Shauri la tatu lilitoka mbali. Shangazi aishiye Dar es Salaam alipiga simu akasisitiza kwamba mwenye mimba apande basi mapema aende kwake, akazalie penye madaktari bingwa. Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100. Shangazi alikwisha kuandaa chumba, na upendo wake ulikuwa dhahiri. Aliongeza kwamba kama Dar es Salaam ni mbali mno, basi angalau Mbeya, kwenye Hospitali ya Wazazi ya Meta.

Shauri la nne ndilo tulilolingoja kwa hofu, kwani lilikuwa la Bibi. Bibi alikuwa mkunga wa jadi kwa miaka mingi, na mikono yake ndiyo iliyompokea duniani mmoja wetu. Tulitazamia kwamba ataudai uzazi huu uwe wake. Alisikiliza wote, kisha akamgeukia mwenye mimba akamwambia: "Mjukuu wangu, mimi nina mikono. Kisu sina, na damu ya kukuongezea sina." Akatueleza habari ya mwanamke mmoja wa zamani aliyeshikwa na uchungu jua likichomoza, hata jua la pili likazama mtoto hajatoka. Wanaume walikata miti wakafunga machela, wakambeba usiku katika mvua. Hawakufika. "Tangu siku hiyo," alisema Bibi, "naiogopa mimba ya kwanza. Ni mgeni ambaye hakuna aijuaye tabia yake."

Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Methali hii hutumiwa kuwaonya watu wasidharau wale watakaowahitaji kesho. Sisi siku ile tuliifahamu kwa maana yake ya asili kabisa. Mkunga wa jadi aliyetazamiwa kuwa kikwazo ndiye aliyekuwa na elimu iliyo wazi kuliko wote kikaoni: alijua aliwezalo, na alijua mwisho wa uwezo wake. Wako wasomi wengi wasioijua elimu hiyo ya pili.

Hapa yafaa tukumbushe jambo la kale la Wafipa linalohusiana na shauri hili zaidi ya linavyoonekana. Babu zetu walikuwa wayeyushaji chuma mashuhuri. Matanuru yao marefu, ambayo huitwa malungu, yalifikia kimo cha mita tatu hivi na yalivuta hewa yenyewe bila mivukuto. Kazi hiyo ilikoma katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, lakini mabaki ya matanuru yangalipo porini katika sehemu kadhaa za Ufipa, na wataalamu wa mambo ya kale, akiwemo Bertram Mapunda, wameyachunguza. Lililo muhimu kwetu ni kwamba tanuru lilihesabiwa kuwa mwanamke. Lilipambwa kama bibi arusi, fundi mkuu alilitia dawa zake kutoka katika kikapu maalumu, na kazi yote ya kuyeyusha ilifananishwa na kuzaa. Mafundi walijitenga na wake zao mpaka kazi ikamilike.

Watu hupenda kuzitaja dawa na miiko ya mafundi hao, na kusahau jambo jingine. Fundi hakujenga tanuru mahali popote alipojisikia. Alitafuta kwanza kichuguu chenye udongo wa kujengea, miti ya kuchomea makaa, na mawe yenye chuma yasiyo mbali. Moto ukishawashwa hakuna nafasi tena ya kukimbilia bonde la pili kutafuta kilichosahauliwa. Miiko ilishikwa, lakini mahali palichaguliwa kwa akili, na palichaguliwa kabla ya moto. Sisi twaona kwamba Wafipa wa kale walikwisha kutupa kanuni ya kuchagua mahali pa kuzalia: kaa karibu na kile utakachokihitaji mambo yakiwa magumu, nawe ukae hapo kabla ya saa yenyewe kufika.

Ni vitu gani basi vitahitajika mambo yakiwa magumu? Sayansi ya uzazi inajibu waziwazi. Mambo yanayowaua kina mama wengi zaidi wakati wa uzazi ni machache: kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, kifafa cha mimba, uambukizo, na uzazi pingamizi, yaani mtoto kukwama njiani. Mimba ya kwanza ina hatari zake za pekee. Nyonga ya mama haijapata kujaribiwa. Uchungu wake huwa mrefu. Na kifafa cha mimba huwapata zaidi wanaozaa mara ya kwanza. Tena hatari hizi hazina mwendo mmoja. Uzazi pingamizi huweza kumpa mtu saa nyingi za kufikiri, lakini damu ikifunguka vibaya huweza kumwua mama kwa muda wa saa mbili tu. Kwa hiyo umbali wa hospitali haufai kupimwa kwa kilomita. Upimwe kwa saa, na saa zenyewe ziwe za usiku wa Februari, siyo za mchana wa Agosti.

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba vifo vya uzazi hutokana na kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika penye msaada, na kuchelewa kupata huduma baada ya kufika. Hesabu hii ni rahisi kwa mwanafunzi yeyote kuikumbuka. Namna ya kwanza imo katika nyumba, ya pili imo njiani, na ya tatu imo hospitalini. Kijiji kikisema "Mungu amependa", yafaa kiulize kwanza ni kuchelewa kupi kulikotangulia.

Wala tusidhani kwamba mji mkubwa wenyewe ni kinga. Katika miaka ya 1840 mjini Vienna, katika nchi ya Austria, hospitali kuu ilikuwa na wodi mbili za wazazi. Wodi ya kwanza ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wao. Ya pili ilikuwa ya wakunga. Katika ile ya kwanza, kati ya kila akina mama 100 walikufa wapatao 10 kwa homa ya uzazi. Katika ile ya pili walikufa pungufu ya wanne. Wanawake wa mji walilijua jambo hilo kabla ya maprofesa kulikubali, nao walilia na kuomba wapelekwe wodi ya wakunga. Daktari Ignaz Semmelweis alitambua mwaka 1847 kwamba madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kwa wazazi. Alipowaamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini, vifo vilipungua sana. Habari hii ina mafunzo mawili. La kwanza, ukubwa wa jengo na cheo cha aliyemo si hoja ikiwa mikono si safi. La pili, maneno ya wanawake waliozaa mahali fulani ni ushahidi, na anayechagua hospitali bila kuwauliza amejinyima nusu ya elimu.

Basi tulitoka kikaoni na kazi ya kuuliza. Tulianza na zahanati yetu. Muuguzi mkunga alitupokea vizuri, akaifungua kadi ya kliniki, akatuambia kwamba mimba hii amekuwa akiiangalia na ataendelea kuiangalia, lakini hana chumba cha upasuaji wala damu. Mimba ya kwanza, alisema, ni afadhali ikazaliwe hospitalini. Hakuona aibu kusema hivyo, nasi tulizidi kumheshimu. Kumbe zahanati ina kazi yake, na kazi hiyo ni kubwa: kupima damu na shinikizo lake, kutoa chanjo na dawa, kutambua dalili za hatari, na kutoa rufaa mapema. Baba mkwe alipoelezwa kwamba zahanati aliyoisombea mawe ndiyo iliyotupa ushauri huo, aliridhika kwamba haikutiwa aibu.

Kisha tulifunga safari hadi Sumbawanga mjini. Mji huu unayo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na unayo pia hospitali ya Jimbo Katoliki iliyopewa jina la Daktari Atiman. Hatutasema ni ipi tuliyoichagua, maana makala hii si tangazo la hospitali. Tutayataja maswali tuliyouliza, kwani hayo yawezekana kuulizwa popote. Je, upasuaji hufanyika usiku, na hata siku ya Jumapili? Je, damu huwepo, na jamaa wanaweza kupimwa na kuchangia mapema? Nani hubaki wodini saa nane za usiku? Je, mtoto akizaliwa amechoka, kuna hewa ya kumsaidia kupumua? Ndugu wa mzazi huruhusiwa kukaa wapi? Baada ya wakuu wa wodi kutujibu, tulikaa nje kwenye benchi, na mwenye mimba akawauliza maswali hayo hayo wanawake waliokuwa wakianika nguo za watoto. Majibu yalikaribiana, na hilo lilitupa imani.

Shauri la shangazi tulilifikiria kwa heshima na kuliacha. Safari ya siku mbili katika basi si mchezo kwa mja mzito, na mwanamke aliye mbali na mama yake hupata bingwa akakosa mshika mkono. Mbeya tuliiweka kuwa akiba, endapo hospitali ya Sumbawanga ingesema lipo jambo linalopita uwezo wake. Barabara ya Sumbawanga hadi Tunduma, ya kilomita zipatazo 220, ilikwisha kutiwa lami, na hilo lilifanya akiba hiyo kuwa ya kweli. Zamani, njia hiyo ilipokuwa ya udongo, kusema "tutampeleka Mbeya" wakati wa masika kulikuwa karibu sawa na kutosema neno.

Neno la mwisho tulimwachia mwenye mimba. Jambo hili halikuwa jepesi kwa wazee wetu, waliozoea kwamba wakubwa huamua na kijana hupelekwa. Lakini Bibi alilimaliza kwa maneno machache: atakayeumwa ndiye aseme. Mwenye mimba akasema: nitakwenda Sumbawanga wiki tatu kabla ya siku, nitakaa kwa mjomba ambaye nyumba yake ni mwendo wa robo saa kutoka hospitali, na mama atakuja akae nami. Hivyo desturi ya kuzaa kwa mama haikuvunjwa. Mtoto hakwenda kuzaliwa kwa mama. Mama ndiye aliyekuja kuzaliwa mtoto alipo.

Mipango mingine ilifuata. Fedha za usafiri na dharura zilichangwa na kuwekwa kando, nusu kutoka upande wa mume na nusu kutoka upande wa mke. Jamaa watatu walipimwa damu na kundi lao likaandikwa. Khanga, vitenge, pamba, beseni, mpira wa kutandika, glavu na nyembe mpya vilitiwa mfukoni pamoja na kadi ya kliniki. Sera ya nchi yetu husamehe malipo ya huduma za uzazi katika vituo vya umma, lakini mwenye busara haendi mikono mitupu.

Uchungu ulianza usiku wa mvua kubwa. Mjomba aliita bajaji, na katika dakika chache tulikuwa mapokezi. Saa zilipita, usiku ukaisha, mchana ukaisha. Alfajiri ya pili mtoto wa kike akazaliwa akilia kwa sauti. Tulidhani mambo yamekwisha, kumbe ndiyo yalikuwa yanaanza. Damu haikukoma. Mkunga wa zamu aliubana uzazi kwa mikono yake, akamdunga mzazi sindano, akafunga dripu, akamwita daktari, yote kwa wakati ambao sisi tungeutumia kutafuta viatu. Daktari akasema damu iongezwe. Jamaa aliyekwisha kupimwa alikuwa amelala kwa mjomba, akaitwa, akaja kutoa ya kurudishia ile iliyochukuliwa katika akiba. Tangu damu ilipofunguka hadi chupa ya kwanza ilipotundikwa haikupita saa moja. Kutoka kijijini kwetu, katika wiki ile, gari lililokuja mjini lilikwama mara mbili na kutumia zaidi ya saa tano. Msomaji aifanye hesabu hiyo mwenyewe.

Katika kitanda cha pili alilazwa msichana aliyetoka bondeni, naye alikuwa anazaa mara ya kwanza. Uchungu ulimshika akiwa nyumbani kwa wakwe, na hakuna aliyethubutu kusema apelekwe mpaka mume arudi kutoka kambi ya uvuvi. Mume aliporudi, alifanya yote awezayo: alikodi pikipiki, akapanda naye mteremko ule katika tope. Yeye alipona baada ya kupasuliwa. Mtoto hakupona. Mama yetu alimpikia uji pamoja na binti yake kwa siku zote nne, na hawakuzungumza mengi. Wakwe wale hawakuwa watu wabaya. Walishika adabu ya kumngoja mwenye nyumba, adabu ambayo katika mambo mengine ni nzuri. Lakini uchungu haumngoji mwenye nyumba. Kwa hiyo ruhusa yake itolewe mapema, mimba ingali changa.

Huduma tuliyoipata haikushuka kutoka mbinguni; ina historia. Adrian Atiman, ambaye hospitali ile imepewa jina lake, alizaliwa Afrika Magharibi, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari huko Algeria, akasomeshwa utabibu Malta, akafika Karema kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika mwaka 1889. Alitibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956, muda wa miaka 67. Baada ya Uhuru taifa lilijitwisha kazi hiyo kwa mpango: kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu vijijini kusikiliza redio na kujadili magonjwa, huduma za mama na mtoto ziliwekwa katika mpango wa taifa mwaka 1974, na Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi ulioanza mwaka 2007 ulikusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba uzazi 81 katika kila 100 ulifanyika katika vituo vya huduma, ilhali miaka saba kabla ulikuwa 63. Vifo vya uzazi vilikadiriwa kuwa 104 katika kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika uchunguzi wa 2015 na 2016. Na tangu mwaka 2022 mpango wa m-mama umeenezwa nchini, ambao kwa kupiga simu namba 115 mzazi au mtoto mchanga aliye hatarini hutafutiwa gari, hata likiwa la mwananchi wa kawaida. Laiti namba hiyo ingalikuwako zamani za machela ya Bibi.

Hata hivyo 104 si sifuri, na kila mmoja wa hao ana jina nyumbani kwao. Serikali yaweza kujenga hospitali na kutia lami, lakini haiwezi kuketi katika kikao cha kila jamaa. Kuchelewa kwa kwanza ni mali yetu wenyewe. Katika sehemu nyingi za nchi yetu, uzazi ukiwa mgumu bado wapo watakaoshuku uchawi, au kumtaka mzazi aungame kwamba alitoka nje ya ndoa, na saa zikapotea katika kuhoji. Wenyeji husema kwamba jina la Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi": mtu akiingia mji huu auache uchawi wake nje. Sisi twaona hiyo ni amri nzuri kwa kila jamaa iliyo na mja mzito. Tupa uchawi, shika kadi ya kliniki, uliza gari liko wapi.

Kwa walimu wenzetu tunalo ombi moja. Tunapofundisha methali, tusiishie kwenye maana ya mafumbo. Tuwaambie wanafunzi wawaulize bibi zao wakunga: ulipokea watoto wangapi, na ni lini uliogopa? Majibu yake ni historia ya taifa, nayo hayamo katika vitabu. Na kwenu vijana, wavulana kwa wasichana, iko siku mtaketi katika kikao kama chetu. Mtasikia desturi, mtasikia upendo, mtasikia fahari ya kijiji, na yote yatakuwa na haki ya kusikilizwa. Mkiisha kusikia, ulizeni ni wapi kuna kisu na damu, na ni saa ngapi kutoka mlangoni penu katika mvua ya Februari. Kisha mwacheni atakayeumwa aseme.